Nasaba ya Kirusi cha Newala

Kisiwa cha Songo Songo hakina mto. Ni kipande cha matumbawe baharini, upande wa Kilwa Kivinje, ambacho nchi nzima inakijua kwa gesi: iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inapita kwenye bomba chini ya bahari hadi Somanga, kisha nchi kavu hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Wenyeji huzungumzia zaidi pweza, dagaa na maji. Maji yakipatikana huwekwa kwenye mapipa, madumu, matenki ya plastiki, ndoo zenye mfuniko na zisizo nao. Masika ikianza, maji hujiweka yenyewe hata pasipotakiwa: kwenye vishimo vya miamba, kwenye vifuu vya nazi, ndani ya mtumbwi uliopandishwa pwani ukisubiri kutiwa kalafati.

Chungulia ndani ya mtumbwi kama huo baada ya wiki ya mvua. Juu ya maji utaona vijidudu vyembamba vimening'inia kichwa chini, mkia ukigusa hewa. Kivuli chako kikipita juu yao, vyote vinazama kwa pamoja vikijinyonganyonga, na baada ya muda kidogo vinapanda tena kimoja kimoja kuvuta pumzi. Hivyo ni viluwiluwi, na katika maji safi ya mvua karibu na nyumba mara nyingi huwa ni vya Aedes aegypti. Mbu huyu akikomaa ni mweusi, miguu ina pete nyeupe, na anauma mchana. Chandarua tulichozoea kukitegemea kimetundikwa kitandani kikingoja usiku, naye ameshakula asubuhi, chini ya meza, kwenye vifundo vya miguu ya watu wanaokunywa chai.

Anachoacha mwilini mwa mtu kinaweza kuwa homa ya dengue, au kinaweza kuwa chikungunya. Kwenye zahanati havitofautishwi kirahisi. Mgonjwa anatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha haraka, wanangoja dakika chache, mstari unatoka mmoja: malaria hamna. Anapewa parasetamoli, pengine na dawa ya bakteria kwa tahadhari, anarudi nyumbani na maumivu yake ya viungo. Homa yake inabaki bila jina.

Hali hii si ya visiwani peke yake. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Madaktari walikuwa wamewaandikia malaria wagonjwa 528. Maabara ilithibitisha malaria kwa 14. Palipotafutwa virusi vinavyoenezwa na mbu, karibu wagonjwa 8 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na chikungunya, ugonjwa ambao hakuna aliyekuwa akiufikiria chini ya Mlima Kilimanjaro.

Na huu ni ugonjwa wetu, kwa maana ya kwamba hapa ndipo ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza duniani. Mwaka 1952 watu wa uwanda wa juu wa Wamakonde, wilaya ya Newala, walianza kuanguka kwa homa ya ghafla. Mtu aliyekuwa mzima asubuhi alishindwa kunyoosha magoti jioni. Newala wakati huo ilikuwa katika Jimbo la Kusini, jimbo lile lile lililokuwa na Lindi na Kilwa pamoja na visiwa vyake. Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa, W.H.R. Lumsden aliandika namna ugonjwa ulivyosambaa kijiji kwa kijiji, na akaangalia maji: uwanda ule ulikuwa na shida kubwa ya maji, hivyo kila kaya ilikuwa na akiba yake, na mbu walikuwa ndani ya nyumba. Sampuli zilipelekwa Entebbe, Uganda, kwenye taasisi ya utafiti wa virusi ambayo miaka michache kabla ilikuwa imegundua kirusi cha Zika. Huko R.W. Ross alikitoa kirusi katika damu ya wagonjwa na katika mbu, akakiotesha kwenye ubongo wa panya wachanga, maana ndiyo njia waliyokuwa nayo. Kikapewa jina la Kimakonde walilokuwa nalo wagonjwa wenyewe: chikungunya.

Kirusi cha Newala hakikufa pamoja na mlipuko ule. Kiligandishwa, kikagawiwa kwa maabara za mabara mengine, na hadi leo mtu yeyote anayechora nasaba ya chikungunya huanza kwa kukiweka mahali pake. Linganisha na Zanzibar ya 1870. Daktari James Christie aliyekuwa huko alieleza mlipuko wa homa na maumivu ya viungo yaliyodumu kwa wiki nyingi, na wazee walimwambia waliuona ugonjwa kama huo mwaka 1823. Karne moja baadaye, mwaka 1971, mtafiti Carey aliyasoma maelezo yale upya akasema hiyo ilikuwa chikungunya, si dengue. Huenda ana haki. Lakini hakuna damu iliyohifadhiwa, kwa hiyo mabishano hayo hayana mahakama ya kuyamaliza.

Na pale damu inapopatikana, maabara husoma nini ndani yake? Jenomu ya chikungunya ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi takriban 11,800, za aina nne tu. Ni maandishi mafupi mno. Ya binadamu yana zaidi ya bilioni tatu. Kila kirusi kinapozaliana ndani ya seli, uzi huo unanakiliwa, na kimeng'enya kinachonakili hakirudi nyuma kusahihisha. Waandishi wa Lamu na Pate walionakili tenzi kwa hati za Kiarabu walikosea hivyo hivyo: mmoja anaruka neno, anayenakili kutoka kwake analiruka pia, na mwanachuoni akikuta nakala tatu zenye pengo moja mahali pamoja anajua zimetoka kwa mkono mmoja. Chikungunya hupata makosa ya kudumu kati ya matatu na kumi hivi kwa mwaka katika maandishi yake yote. Idadi hiyo inatosha. Virusi viwili vinavyoshiriki makosa yale yale ni ndugu wa karibu, na ukihesabu tofauti zao unaweza kukadiria ni lini babu yao alikuwa hai. Kufanya hivyo mfululizo, kwa sampuli zinazoingia mlipuko ukiwa bado unaendelea, ndiko kunakoitwa ufuatiliaji wa jenomu.

Pwani ya Waswahili ndiyo iliyotoa somo kubwa kuliko yote katika kazi hii, na lilianza mwaka ule ule gesi ya Songo Songo ilipoanza kutiririka. Katikati ya 2004, baada ya ukame, Lamu ilishikwa na homa. Watu walikuwa wameweka maji majumbani kwa muda mrefu kuliko kawaida, kama watu wa Newala nusu karne kabla yao. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye mwaka huo ulionyesha kwamba takriban watu watatu kati ya kila wanne wa Lamu walikuwa wameambukizwa chikungunya. Kabla ya mwaka kwisha ugonjwa ulikuwa Mombasa. Mwanzoni mwa 2005 ulikuwa Ngazija, ambako zaidi ya nusu ya watu waliambukizwa. Kisha Mayotte, Morisi, Shelisheli, na Réunion, kisiwa cha Wafaransa chenye watu karibu 770,000, ambako kufikia 2006 inakadiriwa watu 266,000 walikuwa wameumwa. Mwaka huo huo India iliripoti zaidi ya wagonjwa milioni moja.

Mtu mwenye kalenda na ramani angesema: Lamu, Ngazija, Réunion, India. Njia inaonekana wazi, kisiwa baada ya kisiwa, kana kwamba jahazi limebeba homa. Jenomu zilithibitisha mwanzo wa simulizi hiyo. Virusi vya Lamu na vya Ngazija vilikuwa karibu sawa kabisa. Mwisho wa simulizi ndio uliopinduka. Virusi vya India havikuwa wajukuu wa virusi vya Réunion. Vilichipuka kutoka shina lile lile la pwani ya Kenya kwa njia yao wenyewe. Zilikuwa safari mbili, na kalenda iliziona kama moja. Kwa waziri wa afya anayetafuta mlango wa kufunga, tofauti hiyo si ya kitaaluma tu.

Réunion kulikuwa na fumbo jingine. Kisiwani humo Aedes aegypti ni wachache. Mbu waliojaa ni binamu yake, Aedes albopictus, ambaye hadi wakati huo hakuhesabiwa kuwa mwenezaji hodari wa chikungunya. Timu ya Institut Pasteur ilisoma virusi vya mwanzo wa mlipuko na vya baadaye, ikavipanga kwa tarehe. Vile vya miezi ya kwanza ya 2005 vilikuwa na asidi amino iitwayo alanini katika nafasi ya 226 ya protini E1, kama ilivyo kwa kirusi cha Newala. Baada ya Septemba 2005, zaidi ya asilimia 90 vilikuwa na valini mahali hapo. Herufi moja kati ya 11,800 ilikuwa imebadilika. Mwaka 2007 watafiti nchini Marekani walionyesha kwenye maabara kwamba badiliko hilo peke yake linakifanya kirusi kimwingie Aedes albopictus kwa urahisi mkubwa zaidi. Mwaka huo huo msafiri kutoka India alikipeleka kijijini Castiglione di Cervia, Italia, mahali penye albopictus tele, na kwa mara ya kwanza Ulaya ikapata mlipuko wake yenyewe.

Badiliko lile lile likaonekana Kerala nchini India, likaonekana Gabon, kila mahali likiwa limezuka upya kivyake. Mlipuko mkubwa ulipoirudia Réunion mwaka 2024 na 2025, kirusi kilikuwa nalo tena. Hapa msomaji wa nasaba anapaswa kuwa mwangalifu: virusi viwili vyenye valini kwenye nafasi ya 226 si lazima viwe ndugu. Kosa linalokifaidi kirusi hurudiwa na wasiojuana. Ndiyo maana wanaochora mti huo husoma uzi wote, hawatosheki na herufi moja mashuhuri.

Pwani yetu ina sura yake. Mlipuko wa Mandera, bara kaskazini-mashariki mwa Kenya, wa 2016 na ule wa Mombasa wa 2017 hadi 2018 ulikuwa wa tawi lililobaki na alanini pale pa zamani, likapata mabadiliko mengine mawili ambayo watafiti wanayahusisha na kumzoea Aedes aegypti, mbu wa mapipa na mitumbwi. Kwa maneno mengine, kirusi cha Réunion kilijifunza kumpanda mbu wa huko, na cha Mombasa kikazidi kumzoea wa kwetu.

Tatizo langu na simulizi hii, ambayo husimuliwa kwa fahari kwenye mikutano mingi ya sayansi, ni orodha ya majina yaliyomo. Lamu. Mombasa. Ngazija. Réunion. Kerala. Ukitoka Mombasa kwenda kusini, ukapita Tanga, Bagamoyo, Mafia, Kilwa, Lindi, hadi Mtwara, mti unakuwa mkavu. Kuna Newala ya miaka ya 1950, halafu matawi ni haba mno. Mtu asiyejua atasema kirusi kiliruka pwani hiyo. Lakini mti wa nasaba hauna namna ya kuchora mahali ambapo hakuna aliyetoa damu. Kirusi kikitoka Mombasa kikaishi Kilwa miezi sita kisha kikaenda Ngazija, na Kilwa hapajachukuliwa sampuli, mti utachora mstari mmoja mnyoofu kutoka Mombasa hadi Ngazija, na mstari huo utachapishwa kwenye jarida.

Mara nyingine nchi yetu imeingia kwenye mti kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2019, dengue ilipotikisa Dar es Salaam, msafiri mmoja alirudi Japani kutoka Tanzania akiwa na homa. Jenomu ya kirusi chake, dengue ya aina ya 1, ilisomwa huko, ikaonekana kuwa jamaa wa karibu wa kirusi kilichowahi kupatikana Singapore. Mwanzoni mwa 2021, wakati sisi hatutoi takwimu za UVIKO-19, wasafiri watatu waliotoka Tanzania walipimwa kwenye uwanja wa ndege nchini Angola, na kirusi chao kilikuwa na mabadiliko mengi kiasi cha kushtua wataalamu wa bara zima. UVIKO-19 hauenezwi na mbu, lakini jambo ni lile lile. Maradhi ya Watanzania yalisomwa kwenye milango ya wengine, kwa bahati ya nani alipanda ndege. Mvuvi wa Songo Songo hapandi ndege ya Tokyo.

Ila yeye husafiri, na husafiri sana. Wavuvi wa pwani hii huenda dago: hupiga kambi visiwani kwa wiki au miezi kufuata samaki, wengine wakitoka Unguja, wengine Mafia, wengine Mtwara, kisha hurudi kwao. Kiwanda cha gesi nacho kina wafanyakazi wanaokwenda na kurudi, na kisiwa kina kiwanja cha ndege ndogo. Mtu mwenye chikungunya ana kirusi tele kwenye damu kwa siku za mwanzo tu, wiki moja hivi. Katika siku hizo jahazi linafika Mafia, na ndege inafika Dar es Salaam kabla hajajijua kuwa anaumwa.

Siku hizo hizo chache ndizo anazokuwa nazo mtu wa maabara. Baada ya hapo kinachobaki kwenye damu ni kinga, ambayo inathibitisha kwamba kirusi kilipita lakini haina herufi za kusoma. Damu lazima itolewe mapema, itenganishwe, iwekwe kwenye baridi kali, kwa sababu RNA huharibika upesi kwenye joto. Fikiria hatua zake kutoka Songo Songo. Zahanati hadi boti. Boti hadi Kilwa, ikiwa kusi haijachafua bahari. Hospitali ya wilaya ya Kinyonga. Kisha basi kwa barabara ya Kibiti hadi Dar es Salaam. Barafu iliyo kwenye kasha la chanjo inayeyuka kila mahali watu wanaposubiriana. Njia mojawapo ya kupunguza taabu hiyo ni kudondosha damu kwenye karatasi maalumu ya kuchuja na kuiacha ikauke. Herufi hazibaki zote, lakini mara nyingi zinabaki za kutosha kumjua ndugu. Njia nyingine ni kupeleka mashine kwenye damu badala ya damu kwenye mashine. Kuna kifaa cha kusoma jenomu kinachoenea kiganjani na kuchomekwa kwenye kompyuta ya mkononi. Kilitumika Guinea mwaka 2015 kwenye mlipuko wa Ebola, na mwaka 2016 watafiti wa Brazil walizunguka nacho kwa basi, mji kwa mji, wakisoma kirusi cha Zika.

Uwezo huo haupo mbali tena. Kilifi, Kenya, maabara ya KEMRI na Wellcome imekuwa ikisoma jenomu za virusi kwa miaka mingi. Mwaka 2020 kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, Africa CDC, kilianzisha mpango wa kuzipa nchi mashine na mafunzo, na UVIKO-19 ukaharakisha kila kitu. Tanzania ina Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii pale Mabibo, pamoja na taasisi za utafiti wa afya za NIMR na Ifakara. Mashine si hoja kubwa tena kama ilivyokuwa. Hoja ni vitendanishi vinavyoagizwa nje na kuisha muda vikiwa bandarini, na zaidi ya hapo, mkono unaochukua damu siku ya pili ya homa badala ya siku ya kumi. Mkono huo uko zahanati. Muuguzi anayeona mstari mmoja kwenye kipimo cha malaria kwa mgonjwa wa nne ndani ya wiki moja, wote wakilalamika viungo, ameshafanya sehemu ngumu kuliko zote za ufuatiliaji wa jenomu, na kwa kawaida hakuna fomu ya kumwandikia jambo hilo wala mtu wa kumpigia simu.

Tuseme fomu hiyo ipo, na sampuli ya Songo Songo imefika Mabibo ikiwa nzima. Kuna majibu mawili ambayo ningetamani kuyaona yakishindana. La kwanza ni kwamba kirusi hicho kitakaa kwenye tawi la Mombasa la 2017, au jirani yake, na hesabu ya makosa itaonyesha kiliachana nalo karibuni. Hapo ni mgeni, amekuja na boti au ndege, na viluwiluwi vya kuanza kutafutwa viko Kilwa Masoko, kwenye vyombo vya dago, na kwenye matenki ya kambi za wafanyakazi. La pili ni kwamba kitakaa peke yake, karibu na shina, upande wa Newala, kikiwa na makosa yake yenyewe ya miaka 70. Barani Afrika chikungunya huishi pia msituni, kati ya kima na mbu wa porini, bila kumhitaji mtu. Jibu hilo likitoka, kazi ya kuanza nayo haipo bandarini. Ipo Rondo na kwenye misitu mingine ya Lindi, inahitaji watu wa wanyamapori kwenye timu, na kupuliza dawa kwenye mapipa ya kisiwani, hata kukifanywa vizuri kila masika, hakutazuia kirusi kurudi.